Buti zenye Kamba ya Buluu

Tangu avuke ziwa akitoka Pweto, upande wa pili wa mpaka, mwaka ule wa vita, Mama Emilienne hakuwahi kumtazama mwenye sare usoni. Kule alikotoka, aliyeinua macho alijitafutia balaa, naye alikuwa na watoto wanne wa kuvusha. Miaka ishirini na kitu imepita, watoto wameoa na kuolewa, na bado anapoanika chisense zake, vidagaa vya ziwa hilo, kwenye mchanga wa Kashikishi, askari akisimama mbele yake yeye huona buti tu. Wenzake humtania kwamba anawajua polisi wote kwa soli.

Basi Januari, ziwa likiwa limefungwa ili samaki wazaliane, askari mmoja alibeba gunia lake akidai samaki wake wamevuliwa wakati wa marufuku. Uongo mtupu. Samaki wale aliwanunua Novemba, na karatasi ya ununuzi alikuwa nayo. Hakupewa hati yoyote, hakuambiwa jina. Aliinamisha kichwa mpaka buti zikaondoka, na kilichomuuma zaidi ya gunia ni kwamba alinyamaza.

Mwishoni mwa Machi akaziona tena buti zile bandarini, ya kushoto imefungwa kwa kamba ya buluu ya nyavu, kama alivyoikumbuka ya Januari. Safari hii hakunyamaza. Alikwenda kituoni akaeleza alama ile, na jina likaandikwa: Konstebo Kangwa.

Aprili akaitwa mjini Nchelenge, kwenye kikao cha nidhamu cha polisi. Alitarajia makelele ya sokoni; akakuta meza moja, maofisa watatu wa sauti ya chini na karatasi tele. Kangwa alisomewa shtaka. Akaulizwa kama ana pingamizi juu ya hao watakaomsikiliza, akasema hana. Aliruhusiwa kuja na mtu wa kumsaidia, lakini alikuja peke yake. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, akaeleza kupitia mkalimani kwamba shtaka likithibitika watapendekeza avuliwe sare, na kwamba shahidi ni mmoja tu.

Shahidi huyo, Mama Emilienne, alisema yote, macho yake yakiwa kwenye zile buti, na kila neno likaandikwa. Jambo hilo lilimfurahisha, kwa nini tufiche? Maisha yake yote neno la askari ndilo lililokuwa na uzito.

Ikafika zamu ya Kangwa kuuliza. Alijua Kiswahili kidogo, kile cha kununulia samaki.

"Bamayo," alisema, yaani mama kwa lugha ya kwao, "hii kamba, nani alinipa?"

Mama Emilienne alitaka kujibu kwamba atajuaje yeye. Kisha akaona ncha ya kamba: imeunguzwa kwa moto isifumuke, kama anavyounguza zake. Akakumbuka siku ziwa lilipofunguliwa, tarehe mosi Machi, mitumbwi inaingia, na sauti ya upole ikiomba kipande cha kamba kwa buti iliyokatika kamba. Alikata akatoa, bila kuinua kichwa.

Angeweza kusema hajui, na maandishi yangebaki yalivyo, na walau mmoja wa wenye sare angelipia miaka yote ile ya kuinama.

"Njo miye nilikupatiaka," alikiri kwa Kiswahili cha kwao Pweto. "Ile siku ya kufungula ziwa. Mu Janvier haukukuwa nayo. Ule wa Janvier, sikumuonaka sura."

Mkalimani akatafsiri, kalamu ikaandika. Mwenyekiti akauliza kama anaweza kuapa kwamba ni huyu. Alijibu hawezi. Shtaka halikuthibitika, na Kangwa akatoka na sare yake. Emilienne alirudi Kashikishi ana aibu na hasira, maana mwizi wake bado alikuwa anatembea.

Wiki iliyofuata, mchangani, buti zikasimama mbele yake. Zilikuwa na kamba nyeusi, mpya. Mwenye buti, askari wa sauti ngeni, akauliza gunia lililokuwa kando yake lilinunuliwa lini.

Mama Emilienne akapangusa mikono kwenye kitenge. Akanyoosha mgongo polepole, akamtazama mtu yule usoni, sawasawa.

"Karatasi iko," alisema. "Lakini kwanza, jina yako ni nani?"