Ubeti wa Fundi wa Sare

Kwa miaka arobaini na ushei, fundi huyu wa sare za shule hakuwahi kushona mkono wa kulia upande wa kushoto. Jumatano ile alikosea mara mbili kabla ya saa nne asubuhi; akafumua, akashona, akakuta amerudia kosa lilelile. Akainuka akafungua dirisha. Akaketi. Akainuka tena, akalifunga.

Kilichomnyima utulivu kilikuwa juu ya meza ya kukatia, kimelaliwa na mkasi: utenzi wa beti mia mbili na kumi, ulioandikwa kwa mkono na mdogo wake, mwalimu mstaafu, kuhusu utoto wao. Kwenye karatasi ya juu Mwalimu alikuwa ameandika: "Dada, Ijumaa naupeleka kwa mpiga chapa. Ukiwa na neno, nijibu kwa ubeti." Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yao tangu wadogo: aliyeguswa kwa shairi hakuruhusiwa kujibu kwa maneno matupu.

Fundi alikuwa ameusoma wote, akicheka peke yake penye mikoromo ya baba na penye paa lililovuja juu ya kitanda cha wageni tu. Ubeti wa themanini na mbili ndio uliomweka roho juu:

Dada shule aliacha,
vitabu akavikacha;
sindano, kulipokucha,
akaishika kwa nia.

Binti yake, muuguzi, aliyepita kuchukua gauni lake la kazi, aliusoma akiwa amesimama nyuma ya kiti.

"Mama! Kumbe ulikuwa mtoro wa kupindukia! Na mimi ulinichapa kwa kukosa siku moja!"

"Siku mbili. Na ulisingizia homa."

"Haya, mbili. Lakini mjomba hawezi kukuzulia."

"Hajanizulia. Ndivyo alivyoambiwa."

"Na nani?"

Fundi akachukua sindano, akajaribu kutia uzi mahali ambapo uzi ulikwisha kutiwa.

"Na mimi," akasema.

Ndipo akamsimulia. Mwaka ule mkono wa baba ulipooza, na nyumbani hapakupatikana kitambaa cha sare ya mtoto wa pili. Yeye alikuwa na miaka kumi na mitatu, wa kwanza darasani kwa hesabu. Mdogo wake alikuwa na minane, naye alilia kwamba bila dada hakanyagi shule. Basi akamwambia, kwa uso mkavu kabisa, kwamba shule imemchosha, aende yeye akachoshwe kwa zamu yake. Alfajiri aliifumua sketi yake ya marinda, akaikata kaptula. Kitambaa kilichojificha ndani ya marinda hakikuwa kimepauka. Kwa hiyo kaptula ikatoka na mistari iliyokoza, kutoka kiunoni hadi magotini.

"Ile ya ubeti wa themanini na sita?" binti akauliza, akifunua karatasi kwa haraka. "Hapa mjomba anajisifu kwamba darasa zima walimwonea wivu kwa kaptula ya mistari!"

"Ndiyo hiyohiyo. Miaka yote anadhani lilikuwa pambo."

Binti hakucheka tena. Alikunja gauni lake, akalikunjua, akaondoka bila kuaga sawasawa.

Fundi akabaki anazunguka meza. Akinyamaza, wajukuu watasoma kitabuni kwamba bibi yao alivikimbia vitabu. Akisema, atamvua mzee wa watu kaptula aliyoipenda kuliko zote maishani mwake. Alizunguka hadi chai ikapoa, akaipasha moto, ikapoa tena. Mwishowe akaketi penye cherehani isiyo na nguo, akaanza kupima mizani kwa mguu, pedali moja kwa kila silabi, na kuandika kwa chaki nyuma ya kielelezo cha kola:

Ndugu yangu, sikukacha,
kitabu nilikificha;
nilipenda, nikaacha,
wewe ukapate njia.

Chini yake akaongeza, kinyume cha kanuni: "Kaptula yako ilikuwa sketi yangu."

Alhamisi asubuhi binti alikipeleka kielelezo kwa mjomba wake. Simu haikulia mchana. Fundi alishona vifungo vinne, akavikuta vyote viko upande wa matundu. Ilipolia saa kumi, aliiacha iite mara tatu ndipo akapokea.

"Dada," Mwalimu akasema, "uliniongopea."

"Ungekataa kwenda."

"Ningekataa. Kesho siendi kwa mpiga chapa. Ubeti wangu naufuta."

"Usiufute. Uache, na wangu uufuate. Waone ulivyoamini."

"Na ile kaptula?"

"Ilikukaa vizuri. Hilo usibadilishe hata nukta."

Mwalimu akakohoa, akaanza kuusoma ubeti wa dada yake kwa sauti ya darasani, mstari wa kwanza, wa pili. Penye wa tatu akakwama.

"Huu umenishinda, dada."

"Basi uruke," fundi akamwambia, akivuta kiti, akaketi. "Soma wa nne."