Kiwanja Tulichokifyeka Sisi

Mbu wa Garsen walikuwa wakibisha hodi kabla ya kuingia, na hili nimeapa mbele ya watu wazima wakaniamini. Nimeapa pia kwamba mwenye duka wetu aliupiga mpira ukapaa, nami nikamenya muwa, nikautafuna, nikatema makapi, nikanawa mikono, ndipo mpira ukashuka. Mimi nikisimulia habari za kriketi ya Garsen huwa sijizuii. Tulikuwa timu mbovu, na timu mbovu bila chumvi haisimuliki.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi nilikuwa karani wa kivuko, kile cha kuvutwa kwa kamba, kazi yangu kuandika kila gari linalovuka mto. Nilikuwa nimetoka kwetu Kipini na cheti changu cha kisomo cha usiku, kimepigwa muhuri, nimekikunja ndani ya kopo la chai mchwa wasikile. Kwa cheti hicho mwenye duka alinifanya katibu wa klabu. Yeye ndiye aliyekuwa kapteni, kwa kuwa mchezo aliusoma shuleni Mombasa na vibao vya kupigia vilikuwa vyake. Wavuta kamba wa kivuko walikuwa wanne, dresa wa zahanati, yule mfunga vidonda, mmoja, na wengine wa hapa na pale, mpaka tukatimia kumi na mmoja.

Wawili kati yao nitawataja zaidi. Mmoja alikuwa mfugaji, Muorma mrefu aliyekuja kuuza ndama akanogewa na mchezo. Wa pili alikuwa mkulima wa kando ya mto, mtu mpole, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili. Huyu ndiye aliyekuwa mrushaji wetu. Tangu utotoni alikuwa akilinda mpunga kwa kombeo, akiwapiga ndege kwa mawe, na mkono wake ulijua mahali pa kupeleka kitu. Tulikaa majuma matatu kumfundisha asikunje kiwiko. Alipojua, vile vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji viliruka kama vimekanyagwa na nyati.

Kiwanja tulikifyeka wenyewe. Kilikuwa kichaka kitupu kwenye bonde la mto, miba mitupu, na tulikikata siku kumi na mbili, wote kumi na mmoja. Hata mfugaji alishika panga.

"Mimi nakata miti kama kichaa," alisema, "na ng'ombe wangu wanasimama kule wananicheka."

"Wanakucheka kwa haki," mkulima akamjibu. "Panga umelishika kama mkia wa ndama."

Siku ya mwisho mkulima alisimama katikati ya uwanja ule mweupe akasema neno ambalo mimi, mtu wa Kipini, nililichukulia kuwa mazungumzo tu. Alisema: "Sasa hapa pana wenyewe. Kwetu, mkono uliofyeka ndio wenye neno. Akitaka mtu kupanda hapa, atuombe sisi kumi na mmoja, na mmoja akikataa, hapandi."

"Nani atakuja kupanda kwenye kriketi?" nikauliza, tukacheka.

Mechi ya kwanza tulikwenda Kipini. Nisiifiche: tulipigwa. Mjomba wangu alikuwa barazani na wenzake, na kila mpira uliponipita katikati ya miguu alipaza sauti: "Mwanangu, kisomo chote kile cha usiku, hata kuinama hawakukufunza?" Nilirudi Garsen nimebeba maneno hayo kama gunia la chumvi. Mechi ya pili tulifungwa na watu wa kambi ya barabara. Ya tatu, na walimu kutoka juu ya mto, haikumalizika, kwa sababu kiboko alitoka majini akaja akalala juu ya jamvi tulilotandika katikati ili mpira udunde. Sawa, hakulala. Alipita karibu. Lakini waamuzi walikimbia.

Ikabaki moja, Kipini waje kwetu. Kabla haijafika, mto ukafurika.

Gharika ile ilikuwa ya kawaida kwa kina, lakini mto ulikuwa umebadilisha nia. Uling'ata ukingo wa upande wa mashamba, na siku moja asubuhi shamba la mkulima wetu likameguka. Migomba yote ilikwenda imesimama wima, kama watu wanaovushwa na kivuko. Niliiona ikipita mbele ya ofisi yangu. Hapa siongezi kitu. Ilipita imesimama, na mkungu mmoja ulikuwa tayari kuiva.

Watu wa mto hupanda maji yanaporudi nyuma, udongo ukiwa bado laini na mweusi. Unachoma shimo kwa mti, unatia mbegu, unafunika kwa kisigino. Siku zake ni chache. Jua la kule likipiga, udongo ule hufunga kama saruji, na mbegu ikikosa unyevu wa mwanzo haina tena pa kuupata. Mwaka ule mto ulikula mashamba ya jamaa kadhaa, na ndugu waliosalia na ardhi walikuwa wameshagawana na wenzao mpaka mipakani. Ardhi iliyobaki bila mbegu, laini, imetandazwa tope zuri la kina cha kiganja kizima, ilikuwa kiwanja chetu.

Mimi nilikwenda kukitazama kila asubuhi. Nilikuwa nakiombea jua, maana Kipini walikuwa wanakuja Jumamosi.

Jumanne mke wa mkulima alivuka na kivuko, kikapu kichwani, amekifunika kwa kanga. Akasimama mbele ya dirisha langu.

"Karani, kiwanja chenu kimekauka?"

"Bado, mama," nikamwambia kwa furaha. "Lakini jua hili? Mpaka Jumamosi utacheza ngoma juu yake bila kuchafua mguu."

"Mpaka Jumamosi," akasema. Akakirekebisha kikapu akaenda.

Jumatano mfugaji alikuja ofisini, akaegemea fimbo yake.

"Karani, wewe umesoma?"

"Nimesoma, na cheti ninacho."

"Basi cheti hakisemi kitu. Yule mama kikapu chake kina nini? Mbegu. Mume wake anakaa nyumbani anaangalia kiwanja. Hawezi kuomba. Yeye mwenyewe alifyeka, yeye mwenyewe alisema neno, sasa aende kwa watu kumi, aseme nipeni mchezo wenu nile? Ataona haya. Mimi neno langu nimempa jana. Dresa ametoa. Wale wa kamba na wale wengine wametoa. Bwana duka anasema, mambo ya kiwanja, muulize katibu."

Kumbe lilikuwa limebaki langu.

Ningependa kusema sikuelewa. Nilielewa vizuri. Lakini barua ya Kipini ilikuwa imejibiwa, mashua imeagizwa, na mjomba wangu alikuwa kwenye orodha ya watazamaji. Nilifunga daftari la magari nikaenda kwa mkulima. Alikuwa amekaa nje akichonga mti wa kupandia. Ulikuwa umeshachongoka kitambo, naye alikuwa akiendelea kuuchonga.

"Ndugu yangu," nikasema, "kiwanja ni chako. Chote. Tucheze Jumamosi tu, jua likitua ni chako."

Hakuinua macho. "Jumamosi."

"Siku tatu, hata si tatu."

"Naweza kuanza pembeni," akasema taratibu. "Katikati mnachezea, mimi napanda kule kwenye mpaka."

Na mimi, katibu, mwenye cheti, nikamjibu: "Mashimo yatavunja watu miguu." Nilikuwa nafikiria miguu ya watu wa Kipini! Waliotucheka mpaka wakakohoa!

Aliuweka chini ule mti. Kisha akasema, "Haya, karani. Neno ni lako."

Jumamosi tuliwashinda Kipini. Ndiyo mechi pekee tuliyopata kushinda. Uwanja ulikuwa mgumu, mpira ulidunda juu ya jamvi kama umetupwa sakafuni, na mkulima alirusha kama sijaona mtu akirusha kabla yake wala baada yake. Aliwatoa wapigaji saba. Hakushangilia hata mmoja. Kila akimaliza zamu yake alikuwa akiinama, akigusa udongo kwa vidole, akisimama. Mwenye duka alidhani anasoma kiwanja, kama wachezaji wakubwa wanavyofanya. "Mwone fundi!" alikuwa akisema. Mfugaji, aliyesimama upande wangu, alitema mate akageuka.

Mjomba alinijia akanishika mkono. "Mwanangu, leo umenifunga mdomo." Nilikuwa nimelingojea neno hilo tangu Kipini. Nililipokea, na lilikuwa halina ladha, kama maji yaliyochemshwa.

Jua lilipotua nilimwendea mkulima. "Haya, ndugu. Kesho alfajiri sote tutakuja, kumi na mmoja, tukusaidie."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. "Kesho ni Jumapili, karani."

Nilikuwa nimesahau. Nilijua magari yote yaliyovuka mto, nilijua majina ya miezi kwa lugha mbili, na sikukumbuka kwamba mwenzangu Jumapili hapandi.

Jumatatu tulikwenda wote. Mwenye duka alivua viatu. Miti ya kupandia iligonga chini ikarudi mikononi, na udongo ulikuwa umeshapasuka mistari mistari. Tulipanda hivyo hivyo, tukichimba kwa majembe, tukimimina maji ya makopo tuliyoyateka mtoni. Mke wake alipita nyuma yetu akitia mbegu, tatu tatu, akifunika kwa kisigino. Katikati, pale lilipotandikwa jamvi, udongo ulikuwa umekandamizwa kabisa, tukapaacha.

Mahindi yaliota. Pembeni, kule alikotaka kuanzia, yalifika magotini. Kisha yakageuka manjano, kuanzia jani la chini.

Waliondoka kabla ya mvua, kwenda kwa ndugu wa mke upande wa Ndera, wao na watoto wanne. Walivuka kwa kivuko changu. Wanaotembea kwa miguu sikuwa na haja ya kuwaandika, lakini nilitoka nje. Alinipa mkono. Nilimwambia kwamba msimu ujao kiwanja kinamngoja, kwamba neno langu nimelitoa, halirudi.

"Najua," akasema. "Ulilitoa."

Msimu uliofuata klabu haikukutana. Hatukuwa na mrushaji, na vibao vilibaki dukani vikining'inia pamoja na mafuta ya taa na kamba. Maji yalirudi tena, yakaacha tope zuri kama lile, na hakuna aliyepanda. Niliwauliza wazee wa mto kwa nini ardhi inakaa bure. Wakanijibu kwamba miongoni mwa mikono iliyofyeka pale umo wa yule mtu, na yule mtu hayupo wa kuombwa.

Miba ikarudi. Mpaka naacha kazi ya kivuko, ungeweza kupita pale usijue palifyekwa.

Watu hupenda nikiwasimulia tulivyowashinda Kipini, nami huwasimulia. Wale saba waliotolewa nimeshawafanya tisa, na siku nyingine kumi. Jumatano aliyoniomba pembeni mpaka Jumatatu tuliyopanda ni siku tano. Hizo nikizihesabu huwa tano.