Kiswahili cha Amri

Kufikia wiki ya pili ya kazi, koo la Evas Ainembabazi lilikuwa limekauka kiasi kwamba hata chai ilimuuma kuimeza. Alikuwa amepangiwa darasa la kwanza katika shule ya msingi karibu na Kashojwa, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Watoto walizidi mia. Waliokosa madawati walikaa sakafuni, na waliokosa nafasi sakafuni walisimama dirishani.

Mwalimu mkuu alimpa darasa hilo kwa sababu moja tu. "Wewe unajua Kiswahili," alimwambia. "Hawa wengi ni Wakongo, na sisi wengine hapa ni Kinyankore na Kiingereza tu."

Ni kweli alikijua. Baba yake, Sajini Herbert, alikuwa mwanajeshi, na Evas alikulia kambi ya jeshi Mbarara, ambako watoto wa kila kabila walielewana kwa Kiswahili. Chuoni alikuwa ameshika jambo moja kuliko yote: mtoto mwenye hofu hajifunzi. Kwa hiyo siku yake ya kwanza aliichukua fimbo aliyoikuta mezani akaipeleka jikoni, mpishi akaivunja na kuitia chini ya sufuria ya uji. Walimu wenzake walicheka.

"Tutaonana muhula ukiisha," mmoja wao alisema.

Fimbo ilikwisha, hofu ikabaki. Evas akisema, "Simama! Kaa chini! Toa kitabu!" watoto walitii upesi mno, midomo imefungwa, na yeye akadhani hiyo ni nidhamu. Lakini kulikuwa na msichana mmoja, Élyse, ambaye akisemeshwa alijikunja na kufunika kichwa kwa mikono. Mara mbili alijikojolea. Evas alimpangusa, akamvika sweta lake mwenyewe, akamwambia, "Wewe, usiogope! Sema!" Mtoto akazidi kujikunja.

Akamwita mama yake Élyse. Marie alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, mikono ikinuka dagaa aliokuwa akiuza.

"Mama, huyu mtoto iko na shida gani?" Evas aliuliza. "Mimi sijamupiga hata siku moja, lakini hasemi kabisa."

"Ku nyumba anasemaka mingi, madamu, mpaka ananichokesha." Marie alitazama chini. "Naogopa utakasirika."

"Sema tu."

"Ni Kiswahili yako, madamu. Unasemaka sawa basoda, sawa baaskari. Kule kwetu, benye bunduki baliingia mu nyumba banasema vile vile: simama, kaa chini, toa. Bwana yangu alisimama, bakamubeba. Hatukumuona tena. Mimi najua uko mutu muzuri. Lakini hata mimi, nikikusikia, naangaliaka mulango."

Evas hakukasirika. Alihisi uchovu tu, ule wa mtu aliyeambiwa kwamba mzigo alioutua chini bado uko mgongoni. Fimbo aliweza kuichoma. Ulimi wake angeupeleka wapi?

Ijumaa alikwenda nyumbani Mbarara. Kwao walizungumza Kinyankore, isipokuwa amri za baba, ambazo tangu zamani zilikuwa za Kiswahili. Alikuwa akimenya matoke na mama yake wakati Herbert alipopaza sauti kutoka uani: "Nani ameacha mlango? Funga!" Evas alijikuta amekwisha fika mlangoni. Alipogeuka, alimwona mama yake naye amesimama, kisu mkononi.

Baada ya chakula alimuuliza, "Baba, Kiswahili ulijifunzia wapi?"

"Mafunzoni. Tukikimbizwa na kufokewa."

"Hawakuwafundisha maneno ya kubembeleza?"

"Ya kazi gani?" Herbert alicheka, kisha akaona binti yake hacheki.

"Sisi tulikuwa tunakuogopa, baba."

Mzee alijisugua goti. "Mlikula, mkasoma," alisema. "Nilikuwa narudi nimechoka, Evas. Ukichoka unatumia maneno yaliyo karibu."

Evas alikusanya sahani. Uchovu huo sasa aliujua.

Aliporudi Nakivale, akawa anapita sokoni jioni, anakaa kando ya meza ya Marie na kujifunza kusema kama Wakongo, taratibu. Darasani mambo yalikwenda vibaya. Sauti ya upole haikufika nyuma. Watoto walipogundua kwamba madamu hafoki tena, walipiga kelele za siku zote walizonyamaza, hadi walimu wa jirani wakaja kuchungulia.

Asubuhi moja, katikati ya zogo hilo, alijaribu kuwaambia waketi, kwa namna ya kwao: "Batoto, mukalie."

Darasa zima likaangua kicheko. Ndipo sauti nyembamba ikatoka nyuma.

"Si mukalie, madamu. Ni mwikale."

Alikuwa Élyse. Kichwa alikuwa amekiinamisha, ila mikono ilikuwa juu ya dawati.

"Mwikale," Evas akarudia. "Aksanti, mama."

Wakaketi, baadhi yao.

Siku hiyo hiyo, kabla ya uji, mwalimu mkuu alileta watoto wapya waliotoka kituo cha mapokezi cha Kabazana. Wengine walijua Kirundi tu. Evas aliwabananisha wenzao wawapishe. Élyse hakusema neno tena wiki ile, na Alhamisi, lori lilipopita kwa kishindo, alifunika kichwa kama zamani. Evas alikwenda kukaa sakafuni kando ya dawati lake bila kumsemesha, huku darasa likivurugika.

Ijumaa hakwenda Mbarara. Alipita kwa Ancilla, jirani yake Mrundi, akamwomba amfundishe namna ya kumkaribisha mtoto kwa Kirundi. Ancilla alisema neno, Evas akalirudia, akalikosea, akalirudia. Kabla hawajafika neno la tatu, usingizi ulikuwa umemchukua Evas pale pale kwenye kiti, viatu bado miguuni.