Saa ya Papa Osée na Jus Yake

Ukifika Kisangani ukataka viti vya kukodisha, usiulizie Basile Lokwa. Uliza Papa Jus. Utaelekezwa mara moja, na huyo anayekuelekeza atakuwa anacheka kabla hujapinda kona. Mwenyewe hakasiriki. Jina hilo alijitafutia kwa mikono yake miwili, akisaidiwa na Kifaransa chake, na siku hizi analiitikia hata kwenye simu. Habari yenyewe ni yeye anayeisimulia kuliko mtu mwingine yeyote, na kila akiisimulia anajipunguzia akili kidogo ili watu wacheke zaidi.

Viti vyake ni vya plastiki, vyeupe, vya harusi, ubatizo na matanga. Katika kazi hiyo ana sheria mbili tu: kiti hakitoki kwake na vumbi, na kiti hakikai kikitazama upande wake peke yake. Akipita kwenye sherehe akaona kimoja kimegeuka, hata kama kimekaliwa na baba mkwe wa bwana harusi, roho haimtulii mpaka akinyoshe. Mkewe, Angélique, husema siku ya mazishi ya Basile itabidi safu ya mbele ipangwe vizuri, la sivyo marehemu atatoka sandukuni aje kuipanga.

Kiti kimoja tu ndicho kilichomshinda maishani. Ni kiti cha mbao cha marehemu baba yake, kilichopo mlangoni kwa mama yake, Mama Lucie, kwenye mtaa wa wavuvi karibu na maporomoko. Kiti hicho kimekuwa cheusi kwa moshi wa samaki na mafuta ya mawese, na kinatazama mto, kikiwapa mgongo wapita njia na wageni wote. Kila akienda kumsalimia mama, Basile alikuwa akikigeuza kitazame barabara, kama viti vya watu wenye adabu. Kila akirudi alikikuta kinatazama mto.

Baba huyo, Papa Osée, alikuwa nahodha wa baleinière, ile mashua ndefu ya mbao yenye mota. Mashua ilikuwa ya mfanyabiashara wa Kizungu aliyenunua mchele na mawese huko Yanonge na Isangi. Mwaka mmoja yule patron alijinunulia saa mpya, ile ya zamani akampa nahodha wake. Ilikuwa saa ya Uswisi, nzito, ya kujazwa kwa mkono. Papa Osée aliivaa siku chache, halafu akaipeleka kwa fundi na kumwagiza kitu ambacho fundi hakuwahi kuagizwa: aung'oe uso wa saa, ule wenye namba, aupindue, aubandike tena. Tangu hapo kumi na mbili ilikaa chini mahali pa sita, sita ikapanda juu, na jina la kampuni likasomeka miguu juu. Mishale haikuguswa.

Kwa nini alifanya hivyo, watoto hawakuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kueleza. Basile alichojua ni kwamba shuleni wenzake walimwambia baba yake hajui kuvaa saa. Papa Osée alipofariki, saa ilitundikwa kwenye msumari juu ya kitanda cha Mama Lucie, naye akawa anaijaza kila asubuhi. Juu ya msumari huo kulikuwa na paa, na paa lenyewe lilikuwa limechoka. Mvua ikinyesha, Mama Lucie alikuwa akihamisha kitanda, anatega mabeseni, na kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa ili asisikie matone.

Hapo ndipo anapoingia Fortunée, mdogo wake Basile, anayesuka nywele Brussels. Mmoja wa wateja wake alikuwa mwanamke anayefanya kazi kwenye nyumba ya mnada, mahali ambapo saa za zamani zinanadiwa kwa wakusanyaji. Siku moja, katikati ya kusuka, Fortunée alimwonyesha picha ya baba yao akiwa kwenye usukani wa mashua, mkono umenyooka, saa inaonekana vizuri. Yule mwanamke aliomba picha ampelekee mkuu wake wa kazi. Mkuu akaomba picha zaidi. Basile aliitoa saa msumarini, akaipiga picha pande zote, akazituma. Siku hizo hizo Fortunée akamtumia kwa WhatsApp katalogi ya mnada uliopita.

Basile aliitazama katalogi ile kwa uchungu wa mtu wa biashara. Kulikuwa na saa ambayo uso wake ulikuwa umebabuka kwa jua, na bei yake ilishinda ya gari jipya. Kulikuwa na nyingine iliyokwaruzwa vibaya, wakusanyaji wakagombania. "Mimi kiti yangu ikipigwa na jua, watu wanataka nipunguze bei," alimwambia Angélique. Aliamua kwamba Wazungu wale wamekosa saa safi, wanajikaza na zilizopo. Kama waliweza kulipa vile kwa uchafu, basi wakiletewa kitu kilichooshwa uso watalia.

Ujumbe wa sauti wa Fortunée ulifika siku ya ibada, akiwa ametoka tu kanisani.

"Yaya Basile, kaka yangu, sikiliza muzuri. Ile saa ya papa, batu ya mnada banaipenda sana. Monsieur, mukubwa yao, anasema iko rare, anataka tuonane na wewe kwa video. Bon, amesema neno moja: surtout, muiache dans son jus. Mimi nimekuambia vile alisema. Wewe njo mutu ya Kifaransa."

Kweli, Basile alikuwa mtu wa Kifaransa. Ndiye aliyesoma hotuba za harusi wazazi wakishindwa, ndiye aliyetafsiri karatasi za dawa mtaa mzima. Dans son jus: ndani ya jus yake, kama juisi ya kunywa. Maneno yote aliyajua, moja moja. Yakikaa pamoja hayakumwambia kitu. Angeweza kumpigia dada yake na kusema, "Jus gani?" Swali la maneno mawili. Akifika hapa katika kusimulia, Basile husimama, anajipiga kofi dogo kwenye paji la uso, halafu anaendelea. Hakupiga simu. Mutu ya Kifaransa haulizi.

Badala yake alimweleza Mama Lucie kwamba paa jipya linakuja. Mama aliitikia kwa kichwa tu. Lakini majirani walisikia, na kabla ya jua kuzama mtaa ulishajua kwamba saa ya Papa Osée itazaa mabati. Basile alipokuwa akiondoka na saa mfukoni, alijisikia mrefu.

Akaenda moja kwa moja kwa Mahmoudi, fundi saa wa sokoni, mtu mwenye kioo cha jicho kilichofungwa kwa uzi na heshima kubwa kwa kazi yake.

"Banasema ikae ndani ya jus yake," Basile alimwambia, kwa sauti ya mtu anayempima mwenzake.

Mahmoudi alifungua mgongo wa saa, akachungulia muda mrefu. "Papa Basile, saa inakunywa mafuta. Mafuta ikikauka, saa inakufa. Humu mafuta imekauka yote. Donc jus yake njo mafuta."

"Voilà," Basile alisema. "Njo vile nilikuwa nafikiri."

Hakuwa amefikiri chochote. Lakini maelezo yalikaa sawa, na wanaume wawili wenye akili wakiafikiana, nani wa kuwapinga? Mahmoudi alianza kuchagua mafuta yake mazuri, kisha akaigeuza saa akaona uso.

"Na hii kichwa chini? Niache vile?"

Hapo kilikuwa kiti kimoja kilichogeuka katikati ya safu nzima. Basile alikitazama. Alikumbuka shule. Alikumbuka kwamba yule Monsieur, kwenye ujumbe wake wote, hakusema neno lolote kuhusu uso uliopinduka, na akaona ni adabu tu ya Kizungu, kama vile mtu asivyomwambia mwenye nyumba kwamba meza yake inayumba. Bila shaka siku ya mnada wangekata bei kwa sababu hiyo.

"Inyoshe," alisema.

Mahmoudi aliinyosha. Na kwa kuwa alimpenda Basile, alimfanyia zawadi: alikwangua namba zilizofifia akazichora upya kwa rangi nyeusi, akaupaka uso rangi nyeupe, na ganda akalisugua mpaka unaweza kujitazama humo ukinyoa ndevu. Basile aliipokea kwa mikono miwili. Aliona baba yake hatimaye amejifunza kuvaa saa.

Siku ya video alivaa koti. Alikaa kwenye kiti kilichofutwa, Angélique pembeni, na kwenye skrini wakatokea Fortunée na mzee mmoja wa Kizungu mwenye uso mwema. Mzee alisalimu, akasema amekwisha kutenga ukurasa mzima wa katalogi, na picha ya nahodha kwenye usukani itakuwa juu kabisa. Akavaa miwani, akaomba kuiona.

Basile aliisogeza saa mbele ya simu. Iling'aa hata ikafanya doa jeupe kwenye skrini.

Mzee aliangalia. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Akauliza kwa upole ile nyingine iko wapi.

"Ni hii moja tu, Monsieur," Basile alijibu, akicheka kidogo, maana alidhani mzee anataka mbili. Akaeleza basi: mafuta mapya, uso ulionyoshwa, namba, ganda. Alieleza kwa Kifaransa chake cha harusi, bila kosa hata moja. Kadiri alivyoeleza, Fortunée alizidi kuinama, mpaka ikabaki kuonekana mistari ya nywele zake.

Mzee hakupaza sauti, na Basile anasema angependa angepaza. Alisema saa za aina ile ziko nyingi, zimejaa makabati ya Ulaya. Lakini saa ambayo mtu aliupindua uso wake ili imsomee saa za lugha yake mwenyewe, akaivaa hivyo mtoni miaka yote, hajapata kuiona tena. Dans son jus, alisema, maana yake vile ilivyo: na uchafu wake, na makovu yake, na kila kitu mwenyewe alichoifanyia. Basile aliuliza kama Mahmoudi anaweza kuupindua tena. Mzee alifikiri kwa adabu, akasema anaweza, ila hapo itakuwa imepinduliwa na Basile.

Baada ya simu kukatika Angélique alisimama. Alimvua mumewe koti, akalitundika.

Basile alikwenda kwa mama yake mvua ikiwa inanyesha. Njiani alitafuta namna ya kusema na hakuiona. Aliona aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu mzima atamani apatwe na homa ili asifike. Akamkuta Mama Lucie katikati ya mabeseni, akasema yote mara moja, na mama akanyosha mkono aletewe saa. Akaiinamia.

"Hii inasema saa tatu," alisema. "Saa tatu ni asubui, niko nauza samaki. Sasa ni saa tisa. Hii saa iko mwongo."

Hapo Basile akaelewa kwamba ndani ya nyumba ile saa haikuwa pambo. Mama alikuwa akiisoma, na mshale mfupi ulimtosha. Mapambazuko yalimkuta mshale mfupi ukiwa kwenye kumi na mbili, jinsi mtu yeyote anavyosema kwa Kiswahili, hata kama kwa Wafaransa ni sita. Kwa haraka Basile alivuta kile kifungo cha pembeni, akaizungusha mishale mpaka ikasoma tisa, akamrudishia. Ilikuwa kazi ndogo hata ikamshangaza.

"Lakini mama, kama ni hivi tu, juu ya nini papa alipindua uso? Angezungusha mishale, basi."

Mama Lucie alimtazama kama vile alivyomtazama akiwa mtoto. "Patron alikuwa anaangalia saa ku mukono ya papa yako, kule mbele, ku usukani. Yeye haangalie namba, anaangalia mishale imelala namna gani. Mishale ikiachana na ya saa yake, anapiga kelele. Alors papa yako aliacha mishale ya patron, akabeba namba. Kila mutu anasoma yake, na kelele hakuna." Akaitundika saa msumarini. "Mimi sikutaka muiuze. Nilinyamaza juu mulikuwa na furaha, wewe na Fortunée."

Tone lilianguka kwenye beseni. Basile akasema paa litakuja vilevile.

Lilikuja kwa viti. Aliviuza nusu kwa Franck, mshindani wake, ambaye hukodisha viti vya buluu vilivyojaa vumbi na hupanga safu zinazokwenda kama mtu aliyelewa. Basile aliviosha vyote kabla ya kuvikabidhi, jambo ambalo Franck analisimulia mpaka leo. Kufikia siku hiyo Mahmoudi alishaieleza habari ya jus soko zima, kwa nia njema, akijitetea. Jina likazaliwa hapo.

Siku ya kupiga mabati, Basile alifika mapema na suruali yake nyeupe ya kazi na kitambaa begani. Mafundi walikuwa juu wanapiga misumari. Akaona kile kiti cha baba yake mlangoni, cheusi, kimewapa mgongo watu wote waliokuja kutazama. Mkono ulikwenda wenyewe. Alikuwa amekwisha kukikamata mgongoni, kitambaa kimelowa, aliposikia sauti ya mama yake kutoka ndani.

"Basile. Weka kitambaa chini. Kiti ya papa yako, uiache dans son jus."

Nyundo zilisimama. Kisha mafundi wakaanza kucheka huko juu mpaka mmoja akashika boriti asianguke. Basile alisimama na kitambaa kinachodondosha maji. Akakiweka chini. Halafu, kwa kuwa hakuna kingine cha kufanya, akakaa kwenye kiti kama kilivyo, mgongo kwa barabara, na kwa mara ya kwanza akaona alichokuwa akikitazama baba yake: maji yakitoka kwenye maporomoko, na mbali zaidi baleinière moja inayoelekea Yanonge, imejaa watu. Alikaa mpaka bati la mwisho likapigwa.

Aliporudi nyumbani suruali ilikuwa nyeusi nyuma, na alikuwa amepita nayo sokoni. Angélique alileta beseni la kuilowekea. Basile alimwambia aiache kwanza.