Kadi Iliyogoma Kabla Watoto Hawajaimba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara moja huku ughaibuni, mjini Eden Prairie, msimamizi wa maabara hakunisalimu. Alinikabidhi diski ngumu, kile kisanduku cha chuma kinachotunza mafaili ndani ya kompyuta, akasema, "Ijaze mpaka itapike. Kisha niambie ilikimbiaje mwishoni, si mwanzoni."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Nyinyi vijana mnaonunua vifaa kwa kutazama boksi, sikilizeni. Kasi ni za aina mbili. Kusoma ni kutoa kilichomo. Kuandika ni kuingiza kipya, na kuandika ndiko kunakochosha. Diski tuliijaza kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuipumzisha. Ikizembea, msimamizi aliirudisha kiwandani na maneno makali.

Alipostaafu, nilihamishiwa kitengo cha kadi za kamera chini ya meneja wa bidhaa, bwana mwenye viatu vinavyong'aa na subira ndogo. Kazi ilikuwa kushindanisha kadi na diski ngumu, ili boksi liandikwe kwamba kadi yetu ni ya kasi zaidi. Diski ilijazwa kama kawaida. Kadi ilipimwa kwa kitambo kidogo tu, kisha ikachomolewa. Haki iko wapi hapo?

Kadi ina sehemu ndogo mbele ya kupokelea data haraka, kama sebule ya kupokelea wageni. Sebule ikijaa, wengine husimama mlangoni. Meneja alikuwa akipima sebule na kuiita nyumba nzima.

"Tuijaze kama diski," nilimwambia.

"Nani anarekodi muda mrefu hivyo bila kusimama?"

"Sisi watu wa Kisii. Ibada ya msiba wetu haikatwi."

Alicheka. Bado nakikumbuka kicheko kile, na bado kinanikera.

Kisha Kemunto akafariki. Alikuwa nesi, jirani yetu pale mji wa New Hope, na mumewe aliamua azikwe huku watoto waliko. Mama yake Kemunto yuko Kisii; viza haikutoka kwa wakati. Alipiga simu akaomba jambo moja tu: arekodiwe ibada yote. "Msikate hata kidogo. Nataka kukaa humo kanisani na nyinyi."

Nanyi mnajua ibada zetu. Wafanyakazi wenzake waseme, wa chama waseme, kwaya iimbe, mchungaji aanze upya. Mpiga picha wetu Momanyi huwasha kamera na haizimi, maana kumkatisha mtu anayemlilia marehemu ni utovu wa adabu. Mchungaji alitangaza, "Simu mfukoni jamani, kamera iko kazini." Tukatii.

Mwishoni kabisa wakasimama watoto wa Kemunto. Watoto hawa ukiwasemesha Kiswahili hukujibu Kiingereza, lakini wiki ile walikuwa wamejifunza wimbo wa Kikisii kwa ajili ya nyanya yao. Waliimba wakishikana mikono. Kanisa zima lililia.

Baadaye Momanyi alinijia uso umemparara. Alikuwa ameinamisha kichwa wakati wa maombi, na kamera ikajizima kabla ya wimbo bila yeye kujua.

"Mzee, card ime-fail. Imeandika eti iko slow. Na box ilisema iko fast kushinda hard drive!"

Lilikuwa boksi letu.

Jumatatu niliichukua kadi ile ile nikaijaza nilivyofundishwa. Sebule ilipojaa ikaanza kutambaa, ikapitwa na diski kuukuu tuliyoitumia kuzuia mlango usifungwe. Nilimpelekea meneja matokeo, nikamweleza habari za kanisani.

"Pole sana," alisema. "Lakini namba kwenye boksi si uongo. Hiyo ndiyo kasi yake ya juu."

"Na ya chini mmeiandika wapi?"

"Hakuna anayenunua kasi ya chini." Akatazama saa, akaenda mkutanoni. Boksi halikubadilishwa hata herufi.

Siku ya kuniaga walikata keki, na meneja akanipa zawadi imefungwa kwa utepe: kadi yetu, ya toleo jipya, namba kubwa zaidi. Niliiacha mezani karibu na keki. Nimestaafu mimi, hasira yangu haijastaafu. Mtu akijua jambo ni nusu akaliuza kama zima, huo ni wizi, hata ukivalishwa suti.

Watoto niliwaomba waurudie wimbo, Momanyi aje arekodi. Walikataa. Binti mkubwa aliniambia taratibu, "We sang it to Mom, Uncle. She's not there anymore." Kwamba walimwimbia mama yao akiwa jenezani, na sasa hayupo tena pale. Ningemlazimishaje?

Juzi mama yake Kemunto alinipigia.

"Baba Moraa, picha yangu inaisha watu wakiwa wamefumba macho. Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Mama."

"Wajukuu wangu waliimba?"

"Waliimba vizuri sana."

"Basi niimbie wewe."

Nina sauti ya debe, hata kwaya ilinikataa. Niliimba hivyo hivyo, nimesimama jikoni. Katikati ya ubeti wa pili nikaukatiza wimbo.

"Usikate," akasema. "Bado nasikiliza."