Kadii, Kigari na Mrashi wa Bi Raiya

Kadii hana unyenyekevu, na mimi sitamsingizia sifa asiyokuwa nayo. Ukimletea gari lililowashinda mafundi wengine, hatakuambia atajaribu. Atakuuliza unalitaka lini. Ni fundi wa waya, yaani umeme wa magari, na kwa miaka mingi amefanyia kazi hiyo kwenye kona ya kibanda changu hapa Malindi, kando ya barabara iendayo Sabaki. Mimi naitwa Mangi, mchomeleaji wa mageti na madirisha. Kibanda ni changu, ingawa mgeni akikuta koleo zake juu ya meza yangu na waya zake zikining'inia kwenye kila msumari, atadhani mpangaji ni mimi.

Kitu alichokitaka Kadii kilikuwa kimoja tu: mlango. Kibanda changu kina nguzo na mabati, basi. Mvua ya masika huingia kutoka ubavuni na kumfukuza kazini, na kila jioni ilimbidi abebe vifaa vyake vyote kwenye kikapu mpaka kwao Sabaki, asubuhi avirudishe. Fundi asiye na mlango, alikuwa akisema, ni mchuuzi. Nami nilikuwa nikinuna, kwa sababu hata mimi sina mlango.

Ng'ambo ya barabara pana safu ya maduka ya ukoo wa Bwana Abdillahi. Moja lilikuwa limefungwa tangu muuza saruji alipohamia Kilifi. Kadii alikuwa ameliomba mara nyingi, na kila mara Bwana Abdillahi alimjibu kwa upole kwamba wataona. Sisi watu wa pwani tunajua "tutaona" maana yake ni nini.

Ndipo kikaja kigari. Bwana Abdillahi ana kambi ya mahema kwenye vilima vya mchanga, ambako wageni huja kutazama ndege wanaotua mdomoni mwa mto Sabaki. Magari ya kawaida yalikuwa yakizama kule, basi akaagiza kigari cha kukimbia mchangani: viti vinne, magurudumu manene, hakina milango, juu kimezungushiwa vyuma. Wauzaji wanakiita bagi. Vijana wa barabarani walikitazama kikishushwa kwenye lori wakasema ni tuktuk iliyojiunga na jeshi.

Kilikuwa kitupu. Ukitaka taa za nguvu, winchi ya kamba ya kujivutia ukikwama, au redio, ufunge mwenyewe, na Bwana Abdillahi alikwisha kuzungumza na fundi mmoja wa Mombasa. Kadii hakungoja kigari kiguse ardhi. Alivuka barabara, akamwamkia, akamwambia kazi ile ataifanya yeye na hakuna atakayeifanya vizuri zaidi. Bwana Abdillahi alicheka, kisha akaacha kucheka akafikiri. Alisema sawa. Kigari kikienda na wageni Jumamosi na kurudi salama, duka lililofungwa ni la Kadii. Kikileta balaa, fundi wa Mombasa atapewa kazi na duka pia, maana naye alikuwa akitafuta pa kufungua tawi. Sharti lilikuwa moja: asikate hata waya mmoja wa kiwandani, la sivyo dhamana ya kigari itakufa.

Bwana Abdillahi alitaka kigari kifungwe taa mbili ndefu, winchi ya mbele, honi kubwa, redio ya upepo ya kuzungumza na kambi, kioo cha ramani, matundu ya kuchajia simu, na spika nne za muziki. Kadii alikubali yote ila spika. Injini ndogo kama ile, alimweleza, huzalisha umeme wa kipimo. Ni sufuria ya wali wa watu wanne, ukialika kumi wa mwisho atakwangua ukoko. Bwana Abdillahi alibisha kwamba wageni wake wanapenda taarab. Kadii akamjibu kwamba ndege hawaipendi. Mzee wa watu akazifuta spika.

Mimi nilipewa kutengeneza vikono vya kushikia taa na bamba la winchi. Niliwasha mashine nichomelee palepale kwenye fremu, kwa kuwa ndiyo njia ya mkato, na Kadii alinifokea nusura niangushe kinyago. Moto wa kuchomelea ukipita kwenye chuma cha gari lenye kompyuta, alisema, kompyuta inaungua, na hapo hata fundi wa Mombasa hatatufaa. Nilichomelea chini, pembeni, tukafunga kwa bolti. Nililalamika siku nzima, lakini nilijua ana haki.

Kumtazama akifanya kazi ni raha, na simwambii. Waya zake zote alizichukulia kwenye betri na kuzipitisha kando ya zile za kiwandani bila kuzigusa, kila kifaa na fyuzi yake. Kila kiungo alikipaka grisi, akakivisha mpira mwembamba, akaupasha kwa kiberiti cha gesi mpaka ukabana. Huku kwetu maji peke yake si adui mkubwa. Adui ni chumvi. Chumvi hula shaba kimyakimya, na siku utakapogundua, imebaki unga wa kijani. Fyuzi na rilei, vile visanduku vidogo vinavyoamrisha taa na winchi, alivikusanya kwenye boksi moja jeusi chini ya boneti. Boksi lile alilikinga kwa chini na ubavuni lisipenye hata ukungu. Juu aliweka kifuniko cha kubonyeza kwa mkono, ili dereva aweze kubadilisha fyuzi akiwa njiani. Mtu wa Sabaki anajua maji ya Sabaki huja kutoka chini.

Alhamisi alikuja Bi Raiya, mama yake Bwana Abdillahi, kukagua mali ya mwanawe. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakizunguka kigari na bakora yake. Aliuliza hiki ni nini na kile ni nini, na Kadii akamjibu kila kitu kama bibi harusi anayeonyesha vyombo. Bi Raiya alimsifu. Alisema hajaona mikono ya mwanamke yenye akili namna ile.

"Na moyo wake uko wapi?" aliuliza.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kadii alifungua boneti, akabonyeza kifuniko, akamwonyesha mpangilio wake wote ndani ya boksi, fyuzi zimejipanga kwa rangi.

"Huu hapa, Bibi."

Bi Raiya alitazama kwa makini, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ijumaa kigari kilipelekwa nyumbani kwa Bwana Abdillahi baada ya sala. Sisi hatukwenda, lakini hakuna mtu wa hapa asiyejua kinachofanyika. Chombo kipya hakitoki nyumbani kikavu. Husomewa Fatiha, hufukizwa udi, kisha mwanamke mkubwa wa nyumba huchukua mrashi, ile chupa ya fedha yenye shingo ndefu, na kukirashia marashi ya mawaridi.

Jumamosi habari zilifika kabla ya kigari. Dereva, Rashad, alitusimulia baadaye bila kututazama usoni. Walifika mdomoni mwa mto vizuri. Ndege walikuwa wamejaa, wageni wakainua darubini zao, na honi ikalia yenyewe. Si mlio mmoja. Ililia mfululizo, na ndege wote wakaondoka kwa mkupuo. Rashad akazima swichi, honi haikusikia. Winchi nayo ikaanza kutapika kamba yake mchangani bila kuambiwa. Kisha injini ikafa. Honi iliendelea kulia mpaka betri ilipokata roho, na kigari kikavutwa hadi kwetu na trekta la mkulima mmoja wa Sabaki.

Bwana Abdillahi hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alimwambia Kadii kwamba fundi wa Mombasa atakuja Jumatatu alasiri, na ufunguo wa duka utakuwa wake. Kadii aliomba kigari kibaki mpaka asubuhi ya siku hiyo. Bwana Abdillahi alisema afanye apendavyo, akaenda zake.

Kadii alifungua boneti, akabonyeza kifuniko. Harufu ya mawaridi ikatujia sote wawili. Ndani ya boksi lile zuri mlikuwa na kidimbwi, na miguu ya rilei imeota unga wa kijani. Kukinga chini kulikuwa kumefanya kazi yake barabara: yaliyoingia kwa juu hayakuweza kutoka. Alichovya kidole, akaonja.

"Chumvi," alisema.

Mtaa mzima unajua kwamba Bi Raiya hutengeneza marashi yake mwenyewe, na kwamba yakipungua huyaongeza maji ya kisima. Visima vyetu navyo vinajulikana kwa chumvi. Bibi alikuwa ametafuta moyo wa kigari, akaubariki bila ubahili.

Nilipandwa na hasira. Nilisema nakwenda sasa hivi kwa Bwana Abdillahi nimweleze nani aliyemharibia kigari, na nilikuwa nimekwisha kuvua glavu. Kadii alinishika mkono.

"Ukienda, Mangi, hutanikuta hapa ukirudi."

"Basi utapoteza duka kwa kosa la mwenzio?"

"Kosa la nani? Mimi nimezaliwa wapi, Ulaya? Hakuna chombo kipya hapa kisichorashiwa, na mimi nalijua hilo tangu utotoni. Nilikinga mto, nikasahau dua. Na moyo nilimwonyesha mwenyewe, kwa kujiona." Aliuachia mkono wangu. "Kisha, nikasimame mbele ya watu niseme kazi ya Kadii imeshindwa na ajuza mwenye kichupa?"

Hapo nilimwelewa. Nilivaa glavu tena. Niliona huruma, na niliona fahari pia, ingawa sikujua fahari ile inanihusu nini.

Tulifanya kazi Jumapili nzima. Kadii alitupa rilei zilizooza, akasugua kila kiungo, akafunga nyingine mpya kutoka kwenye akiba yake, akaichaji betri. Mimi nilitengeneza kikono kingine kilichopindua boksi, uso wake ukatazama chini, na nikakata mpira wa tyubu ya zamani kuzunguka kifuniko. Juu nilipiga bamba lenye mteremko. Sasa maji yakitoka mtoni yangekuta mpira, yakitoka mbinguni yangeteremka. Kadii alijaza grisi hata mahali ambapo nilimwambia inatosha.

Jumatatu asubuhi Bwana Abdillahi alikuja na mama yake, maana Kadii alikuwa amemtuma Rashad amwombe Bi Raiya aje, na aje na mrashi uliojaa. Bwana Abdillahi hakupenda mchezo. Aliuliza kigari kilikuwa na nini.

"Maji yaliingia kwenye boksi la fyuzi. Kosa ni langu, nimelirekebisha."

"Maji gani? Rashad hakuvuka mto."

"Maji ambayo fundi wa Malindi anapaswa kuyajua," alisema Kadii.

Alifungua boneti. Pamoja na grisi yote ile, harufu ya mawaridi ilikuwa bado imo. Bi Raiya alisogea, akanusa, akalitazama boksi lililopinduliwa, kisha akautazama mrashi mkononi mwake. Uso wake ulibadilika. Nilitamani kuwa mahali pengine.

"Kumbe ni mimi, mwanangu?"

"Wewe uliomba dua, Bibi, na dua tunaitaka," alisema Kadii. "Fundi ni mimi. Rashia tena. Usinionee huruma."

Bi Raiya aliinua mrashi. Alitikisa matone machache. Kadii alimwambia hayo ni ya kurashia paka. Bibi akakaza uso, akaung'oa mdomo wa mrashi, akamimina yote, mpaka marashi yakatiririka chini ya kigari na kulowesha viatu vyangu. Kadii aliketi kwenye usukani, akawasha. Injini iliitika. Taa zikawaka, redio ikakoroma, winchi ikazunguka ilipoambiwa na kusimama ilipoambiwa. Mwisho alibonyeza honi mara moja. Ililia mara moja.

Bwana Abdillahi alimtazama mama yake, akamtazama Kadii, na niliona mambo yanajipanga kichwani mwake. Ni Bi Raiya aliyesema.

"Abdillahi, mpigie huyo wa Mombasa asijisumbue. Mpe mwenzio ufunguo."

Alimpigia palepale, mbele yetu.

Siku ya kuhamia nilibeba sanduku la Kadii kuvuka barabara, nikilalamika kuhusu uzito wake, na nyuma yangu meza yangu ilibaki tupu kuliko nilivyopenda. Bi Raiya alikuwa amefika kabla yetu na udi wake. Alirashia kizingiti, akarashia mlango wenyewe, ule mlango wa mbao mzito wenye komeo, kisha akaingia ndani na kuzitazama kuta.

"Na hapa, moyo uko wapi?" aliuliza.

Kadii alinyoosha mikono yake miwili, nyeusi kwa grisi, na Bi Raiya akairashia yote, kwa juu na kwa chini. Mimi nikarudi kibandani kwangu kumalizia geti la watu.