Kilio cha Paka wa Baba

Baba alipofariki, paka wake aliacha kula. Alikuwa mnene, mvivu kupita kiasi, aliyezoea kulishwa visamaki vya sambaza kimoja kimoja kutoka mkononi mwa baba, hapa nyumbani Butembo. Sasa alilala tu kwenye kiti cha baba. Ukungu wa asubuhi uliingia dirishani ukamzunguka, nami nikawa sijui kama nimeamka au bado naota.

Nilipomsogezea sahani, mama alinizuia.

"Muache. Naye iko na kilio. Mutu wa kilio, hapana kumukaza kula."

Nyumbani kwetu ndivyo ilivyo, mfiwa hasukumiwi sahani. Mama mwenyewe alikuwa akinywa chai tu, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno. Nami nililipenda wazo hilo la paka mwenye huzuni kama sisi. Mpaka leo najikasirikia, mtu mzima na akili zangu, nilivyolewa wazo zuri huku mnyama anakwisha.

Siku ya sita jua lilipenya, nikaona masikio yake kwa ndani yamekuwa manjano kama ndizi mbivu. Nikamtia kikapuni. Mama alipanda gari nami bila kuulizwa, tukateremka Beni kwa daktari wa mifugo. Vilima vilipita polepole, joto likaongezeka, na mkono wa mama haukutoka kikapuni.

"Kilio ni kweli, mama," daktari alisema. "Lakini sasa ni maini inamuua. Paka munene akiacha kula, mafuta ya mwili inakimbilia mu maini, inayajaza mpaka inashindwa kazi. Dawa ni chakula. Mutamulisha na nguvu, kidogo kidogo, kila siku."

"Hata kama hapana kutaka?"

"Hata kama hapana kutaka."

Tuliporudi, mama alisaga samaki, akavuta rojo lake kwa bomba la sindano, akampakata paka. Paka akatema. Mama akajaribu tena, kesho yake tena, siku nyingi za ukungu zilizofanana, akimnong'oneza, "Kula. Baba alienda. Sisi tuko."

Asubuhi moja paka alimnyang'anya sambaza vidoleni. Mama alicheka, nami nikauona mkono wake, mifupa mitupu.

Nilikwenda jikoni, nikarudi na bugali. Nikafinyanga tonge, nikalipeleka mdomoni mwake. Akageuza uso.

"Kula, mama," nikamwambia. "Baba alienda. Sisi tuko."

Akanitazama sana, kisha akafungua kinywa.